Kutoka Same hadi Lemara: kilomita ambazo dereva huzidharau

Kila Desemba barabara ya Chalinze, Segera na Moshi hujaa magari ya familia zinazorudi Kaskazini. Safari ya Dar es Salaam hadi Arusha ni kilomita zipatazo 650, na maswali mengi tuliyoletewa yanahusu kipande chake cha mwisho. Anayejibu ni mwalimu wa udereva, mkazi wa Lemara, kusini mwa jiji la Arusha.

Swali: Shikamoo mwalimu. Kila mwaka natoka Dar na familia. Segera napita vizuri, Mombo vizuri, lakini nikifika Same macho yanakuwa mazito, na mke wangu ananiambia naanza kuhama njia. Mbona nachoka nikiwa nimekaribia kufika?

Marahaba, kaka. Hesabu saa zako kabla ya kuhesabu kilomita. Mlifunga mizigo mpaka saa sita usiku. Ukaamka saa tisa, mkaondoka saa kumi na moja alfajiri ili kuiwahi foleni ya Kibaha. Korogwe mkasimama kula wali, watoto wakataka machungwa. Same mnaingia kwenye saa nane au saa tisa mchana, na hiyo ndiyo saa ambayo mwili wa binadamu hulegea hata kama hakushiba. Ongeza joto la kule, na barabara iliyonyooka tangu Hedaru, milima ya Pare kulia, nyika kushoto, hakuna kitu cha kulishtua jicho. Na mbele yako bado kuna kilomita kama 190.

Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Dawson na Reid, walichapisha katika jarida la Nature kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi kama mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Wewe uliyeamka saa tisa usiku, saa zako 17 zinatimia saa mbili usiku. Ukichelewa njiani, hapo uko kati ya Moshi na Arusha, gizani, na watoto wako nyuma. Bia hujagusa, ila mikono yako haijui hilo.

Usingizi wa dereva hauji kwa miayo peke yake. Unakuja vipande vipande. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa gari linakata mita 22 kila sekunde. Ukisinzia sekunde nne, mita karibu 90 zimepita bila dereva. Dalili ya kweli ni kushindwa kukumbuka kijiji ulichopita sasa hivi. Ukijiuliza "Mwanga tumeipita?" na huna jibu, tafuta sheli yenye kivuli, laza kiti, lala dakika 15 hadi 20. Ukiamka usirukie usukani. Tembea, nawa uso, kagua tairi, ndipo uondoke. Kama kuna dereva wa pili, mpe usukani Same, usisubiri Moshi. Na kama giza limewakuta Moshi, laleni Moshi. Gharama ya chumba kimoja cha wageni haijawahi kuifilisi familia.

Swali: Kahawa je? Au kinywaji cha kuongeza nguvu? Wengine wanatumia mirungi.

Kahawa inasaidia, lakini inachukua kama nusu saa kufanya kazi, kwa hiyo inywe kwanza halafu ulale zile dakika 15. Vinywaji vya makopo nguvu yake ni ileile ya kafeini pamoja na sukari nyingi. Mirungi kwa sheria ya Tanzania ni dawa za kulevya, hatuna cha kujadili.

Swali: Mimi ni mama, niko Lemara. Wanangu wakiwa njiani situlii, napiga simu kila saa kuuliza wamefika wapi. Je, nawasumbua?

Mama yangu, unawasumbua, na nitakwambia kwa nini swali lako nimelipa uzito kuliko mengine yote.

Nimefundisha watu wengi kuendesha, na nikiwauliza baadaye kilichowafanya wakimbie kwenye kipande cha mwisho, ni wachache wanaotaja haraka ya kazi. Wanataja ahadi. Asubuhi kijana alikwambia, "Saa kumi na mbili tunakula wote." Wewe ukapika, ukawaita shangazi na majirani, ndizi ziko jikoni, loshoro iko kwenye kibuyu. Saa kumi ukapiga. Yuko Mwanga, lakini akasema "tunaingia Himo," maana hakupenda kukuvunja moyo. Kuanzia hapo anaendesha ili uongo wake uwe kweli. Anaovateki lori kwenye mlima, anaingia kwenye vijiji na mwendo wa 90 pale kibao kinaposema 50, na akipigwa tochi na trafiki anaona amepotezewa muda, anaongeza tena.

Kwa hiyo nakuomba mambo mawili. Usimuulize dereva saa ya kufika, na akikutajia mwenyewe, mjibu kuwa chakula kitapashwa moto. La pili, simu yako mpigie aliyekaa pembeni yake, au atume ujumbe mfupi kila wakisimama: tumesimama Same, tumesimama Himo, tumelala Moshi. Ujumbe wa kusimama unatuliza moyo kuliko ule wa kukimbia. Na huo wa "tumelala Moshi" ukifika, usinune, mama.

Swali: Nikitoka Moshi jioni kwenda Lemara, nipite Tengeru au barabara ya mchepuko?

Kabla ya kuchagua barabara, fikiria jua. Kuanzia Himo unaelekea magharibi. Mwezi Desemba kuanzia kama saa kumi na moja jioni, kutoka Bomang'ombe kupita njia panda ya KIA mpaka Kikatiti, jua linakutazama usoni, likielemea kidogo kushoto. Kioo chenye wadudu na vumbi la Mkomazi kinageuka pazia jeupe. Bodaboda asiyewasha taa humwoni mpaka akufikie. Kioo kisafishe Moshi, ndani na nje. Watu wanasahau cha ndani, na utando wa ndani ndio unaotawanya mwanga.

Sasa barabara. Ile ya njia nne kati ya Tengeru na Sakina, kilomita 14.1, ina taa na watu, na inakupitisha mjini. Lakini jiulize ni siku gani. Tengeru soko lake kubwa ni Jumatano na Jumamosi. Jioni ya siku hizo akina mama wanavuka na mikungu ya ndizi kichwani, Haisi zinasimama popote abiria anapoinua mkono. Siku hizo nenda pole, usipige honi ovyo.

Mchepuko, kilomita 42.4 kutoka upande wa Usa River hadi Ngaramtoni, unazunguka kusini mwa jiji, upande wetu. Mchana nausifu, unakuepusha na foleni yote ya mjini. Usiku, kwa mgeni aliyechoka, siusifu: malori yanaupenda, na sehemu kubwa ni giza. Tarehe 24 Februari 2024, huko mwishoni kwake Ngaramtoni, lori liliyagonga magari mengine na watu 25 wakafariki. Mimi usiku napita mjini, hata nikichelewa.

Swali: Tairi zangu bado zina meno. Nahitaji kuzibadili kabla ya safari?

Meno ni nusu ya habari. Tairi linazeeka hata likiwa stoo. Chuchumaa, angalia ubavuni mwa tairi, utaona herufi DOT na mwishoni namba nne ndani ya umbo la yai. Zikisomeka 2316, limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi la umri huo, hasa la mtumba, sitamwekea mtu wa familia yangu. Pinda mpira kwa kidole: ukiona nyufa ndogondogo kama za kisigino kikavu, limekwisha.

Upepo upimwe asubuhi tairi likiwa baridi, na ufuate kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Gari lenye watu saba, magunia mawili ya mchele na ndoo ya mafuta linahitaji upepo wa gari lililojaa. Tairi lenye upepo mdogo linapinda mno, linachemka, na joto la lami ya Same linamalizia. Juni 28, 2025, eneo la Sabasaba huko Same, basi na basi dogo viligongana vikawaka moto, watu wasiopungua 38 wakafariki. Taarifa za awali zilitaja tairi.

Na ukiona tairi limevimba kwa joto, usilipunguze upepo. Liache lipoe.

Swali: Mtoto wa mwaka mmoja na nusu analia kwenye kiti chake. Baada ya Moshi huwa tunampakata, maana tumeshafika.

Hamjafika. Hakuna mkono wa mzazi unaoweza kumshika mtoto wa kilo kumi gari likigonga kitu. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoua zaidi watu wa umri wa miaka 5 hadi 29, na wadogo zaidi hawasalimiki. Simama Bomang'ombe, mbadilishe nepi, mwache atambae kidogo kwenye khanga, mrudishe kitini. Robo saa inatosha.

Swali: Kuna hatari gani tukishaingia Lemara? Hapo ni nyumbani.

Mitaa yetu wakati wa kiangazi ni vumbi, mvua ikinyesha ni tope linaloteleza, na taa za barabarani si kila mahali. Lakini hatari kubwa ni furaha. Gari likipiga honi getini, watoto wa nyumbani na wa jirani wanalikimbilia gizani, wengine wanaenda nyuma kuangalia mizigo. Dereva amechoka, mizigo imeziba kioo cha nyuma, anaanza kurudi nyuma ili apaki vizuri. Mtoto wa miaka mitatu aliyesimama nyuma ya bampa haonekani kwenye kioo chochote.

Dereva, simama nje ya geti, mtu mzima mmoja ashuke aongoze, na usitie gia ya kurudi nyuma mpaka akuoneshe mkono. Nanyi wenyeji mnaowasubiri wageni mwezi huu, washeni taa ya uani mapema na washikeni watoto barazani mpaka injini izimwe.