CHETI CHA KAMPUNI: TUKISOME KABLA YA KUPIMA ALIZETI

Msimu wa alizeti ukifika wanunuzi huingia vijijini kwetu, Iramba, Mkalama na Ikungi. Tuseme mmoja anasema, "Natoka kampuni. Pimeni leo, fedha wiki ijayo." Akiulizwa uthibitisho anatoa karatasi yenye nembo ya Taifa. Wengi wetu tukiona nembo tunaridhika. Kumbe kusoma tunajua! Basi tuisome.

Kampuni haina mwili. Lakini ikishaandikishwa, sheria inaihesabu kama mtu: inamiliki mali, inadai na kudaiwa mahakamani. Cheti cha usajili ndicho kinachothibitisha kuzaliwa kwake. Tanzania Bara, makampuni huandikishwa na BRELA, yaani Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, kwa Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002. Chama cha ushirika hupata cheti kwa Mrajis wa Vyama vya Ushirika, kwa sheria ya mwaka 2013.

Tazama jina, herufi kwa herufi, kisha namba na tarehe. Je, ndilo jina lililoko kwenye stakabadhi? Tena angalia ni cheti cha nini. Cheti cha jina la biashara si cha kampuni. Hapo anayedaiwa ni mwenye biashara mwenyewe, kwa hiyo mjue yeye na kwake. Leseni nayo ni ruhusa ya kufanya biashara tu.

Sasa jambo ambalo wengi hulisahau. Cheti cha kuzaliwa hakisemi kama mtu yu hai leo. Kampuni hutakiwa kupeleka taarifa kila mwaka. Ikiacha, inaweza kufutwa kwenye daftari, na karatasi ikabaki mfukoni mwa bwana yule, safi vile vile. Kwa hiyo tuandike jina na namba, tumpelekee ofisa biashara wa wilaya atuulizie. Kwa chama, tumwone ofisa ushirika. Vijana wenye simu wanaweza pia kutafuta jina la kampuni BRELA kwa intaneti.

Na huyu aliyekuja, kampuni imemtuma? Aonyeshe barua. Tena hata kampuni ikiwa hai, cheti hakisemi kama ina fedha. Kama hamjalipana, magunia yabaki ghalani.

MASWALI YA KUJADILI
1. Cheti cha kampuni na leseni vina tofauti gani?
2. Chama chenu cha ushirika kina cheti? Kinatunzwa wapi? Nani kati yenu amekisoma?