Mnyororo wa Baiskeli na Mafuta Yake: Somo Kutoka Babati



Desturi ya kurasa hizi ni kuzungumza juu ya mikarafuu, uchumaji, uanikaji na madaraja. Leo twapenda tuzungumze juu ya chombo ambacho hakina mizizi wala majani, lakini wengi wetu bila ya hicho mavuno hayafiki nyumbani. Chombo chenyewe ni baiskeli, na katika baiskeli twachagua kitu kimoja tu, nacho ni mafuta ya mnyororo, au cheni kama wasemavyo mafundi.

Msomaji asione kuwa jambo hili ni dogo. Karafuu mbichi hazingoji. Yafaa zichambuliwe na makonyo yake siku ile ile na kuanikwa mapema. Zikilala zimeshindiliwa ndani ya gunia hupata joto na kuvunda, na zikikauka huwa zimenywea na rangi yake nyeupe-nyeupe, wala hazipati daraja la juu. Basi mnyororo ukikatika njiani wakati wa magharibi, na gunia liko juu ya karia, hasara si bei ya mnyororo peke yake. Ni kazi ya wachumaji ya siku nzima.

KWA NINI BABATI?

Mtu hujua vizuri zaidi mambo ya kwao akiyalinganisha na ya mahali pengine. Kwa hiyo somo letu la leo twalianzia mbali na bahari, katika mji wa Babati. Babati ni makao makuu ya Mkoa wa Manyara, mkoa ulioundwa mwaka 2002 kwa kugawa Mkoa wa Arusha. Mji uko katika nyanda za juu, kwenye barabara kuu itokayo Arusha kwenda Dodoma, chini ya mlima Kwaraa na karibu na Ziwa Babati ambalo lina viboko. Wakulima wa huko hulima mahindi, mbaazi na alizeti, na kama sisi, wengi wao hupakia mazao yao juu ya baiskeli.

Lakini njia zao si kama zetu. Barabara kuu ina lami, ila mkulima akiiacha na kushika njia ya kijijini kwake, yuko juu ya udongo mtupu. Kuanzia mwezi wa Juni mpaka Oktoba mvua ni haba sana, na kila gari lipitalo huacha wingu la vumbi. Mvua zikija, vumbi lile lile huwa tope la kunata. Kwetu visiwani adui ni mwingine: unyevu, mvua ya masika na ya vuli, na hewa ya chumvi. Huko chuma husagwa na vumbi, na huku huliwa na kutu. Atakayeelewa tofauti hii amekwisha lielewa nusu ya somo.

KAZI YA MAFUTA NI NDANI, SI NJE

Mnyororo tunaoutumia ni wa namna iliyobuniwa mwaka 1880 na Hans Renold, mtu wa Uswisi aliyekuwa na karakana yake mjini Manchester, Uingereza. Kila kiungo kina vibati viwili vya ubavuni, pini inayopita katikati, na rola, yaani kigurudumu kidogo kinachokaa kati ya jino na jino. Mnyororo mmoja una pini zaidi ya 100, na kila moja hujikunja na kujinyosha kila mzunguko.

Mahali panaposuguana ni ndani, pale pini inapogusa tundu lake. Hapo ndipo panapotaka mafuta. Mafuta yaliyo juu ya vibati, yale yang'aayo machoni, hayana kazi kubwa ila kukinga kutu kidogo, na katika nchi ya vumbi yana madhara. Vumbi likinata juu ya mafuta huwa kama msasa wa fundi seremala. Kila ukikanyaga pedeli, msasa huo huingia ndani na kusaga pini.

Watu husema mnyororo "umevutika". Kwa kweli chuma hakikuvutika. Pini zimelika na matundu yamepanuka, kila moja kidogo sana, na vidogo hivyo vikijumlishwa mnyororo huwa mrefu. Mnyororo mrefu haukai sawasawa juu ya meno, nao huyala meno ya mbele na ya nyuma. Hapo mwenye baiskeli hununua vitu vitatu badala ya kimoja. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

MAFUTA YANAYOPATIKANA, MOJA MOJA

Sasa tuyapime mafuta ambayo watu hutumia, tuone lipi lafaa na wapi.

Mafuta ya nazi. Kwetu hupatikana kila nyumba, na siku mbili tatu mnyororo hunyamaza. Lakini mafuta ya nazi huganda yakifika kiasi cha nyuzi 24 za sentigredi. Pwani hatuoni jambo hilo mara nyingi kwa sababu ya joto letu, ila Babati, asubuhi za Juni na Julai, yangekuwa magumu ndani ya mnyororo kama yalivyo ndani ya chupa. Isitoshe, hayakingi kutu kwa muda mrefu.

Mafuta ya alizeti. Haya ni ya kwao Babati, na mkulima hushawishika kuyatumia kwa kuwa yako jikoni. Mafuta haya yakikaa katika hewa hubadilika na kuwa mazito ya kunata, kama tuonavyo katika kikaango kisichooshwa vizuri. Mnyororo uliopakwa alizeti huwa na gundi, na gundi hukusanya vumbi. Hayafai.

Mafuta ya karafuu. Msomaji atacheka, lakini katika visiwa vyenye kiwanda cha kukamua mafuta ya makonyo, kama kile cha Wawi, swali hili halikosi kuulizwa. Jibu ni la. Mafuta ya karafuu ni ya kuruka hewani. Harufu yake ndiyo dalili kwamba yanaondoka. Hayaachi utando wa kulainisha chuma, na tena huweza kulainisha na kuharibu baadhi ya vitu vya plastiki. Tuyauze, tusiyapake.

Mafuta ya taa. Kwa kusafisha ni mazuri sana, na tutayatumia hapa chini. Kwa kulainisha hayafai kitu, kwa kuwa ni mepesi mno na huosha hata mafuta mazuri yaliyokuwamo. Dawa za kupuliza za kulegeza kutu zina tabia karibu na hiyo. Zafaa kulegeza nati iliyokamata, kisha hapana budi utie mafuta ya kweli.

Oili chafu ya gari. Hii hupatikana bure au kwa bei ndogo, na ndiyo iliyoua minyororo mingi. Oili iliyotoka katika injini ina masizi na chembe za chuma kilicholika. Mwenye kuitia hutia msasa kwa mkono wake mwenyewe. Pia ina vitu vyenye sumu, na mtu akiishika mara kwa mara ngozi yake huweza kupata madhara makubwa, hata saratani. Kwetu sisi kuna sababu ya tatu: karafuu huvuta harufu. Oili chafu ikigusa gunia, mnunuzi ataigundua kwa pua kabla ya kutazama daraja.

Grisi. Mahali pake ni kwenye gololi za magurudumu na za pedeli. Juu ya mnyororo ni nzito mno, haiingii ndani, hukaa nje ikingoja vumbi.

Oili ya cherehani. Ni nyepesi, safi, na huingia ndani upesi. Kwa nchi ya vumbi kama Babati hii ni nzuri, maadamu mtu aifute nje baada ya kuitia. Upungufu wake ni kwamba haidumu, na mvua moja kubwa huiondoa. Hutaka kutiwa mara kwa mara.

Oili mpya ya injini. Tunasisitiza neno "mpya". Ni nzito kuliko ya cherehani, hushika chuma na kustahimili maji. Kwa visiwa vyetu, hasa wakati wa mvua, ndiyo ifaayo. Babati wakati wa kiangazi hukusanya vumbi upesi, lakini mvua zikianza nao huweza kuitumia.

Nta. Mafundi wengine katika nchi kavu hupenda nta ya mishumaa. Mnyororo huvuliwa, huoshwa mpaka usibaki na mafuta kabisa, hukaushwa, kisha hutumbukizwa katika nta iliyoyeyuka. Nta ikiganda haishiki vumbi, na mikono haichafuki. Nta ya namna hiyo huyeyuka kati ya nyuzi 50 na 65 au karibu yake, basi iyeyushwe katika kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, kamwe isiwekwe juu ya moto wenyewe, maana hushika moto. Kwa Babati njia hii ni nzuri. Kwetu haitoshi, kwa sababu mvua na hewa ya chumvi hupenya pale nta inapobanduka na kutu huanza.

Madukani kuna pia mafuta yaliyotengenezwa makusudi kwa minyororo, ya nchi kavu na ya nchi ya mvua. Ni mazuri. Lakini aliyefahamu maelezo haya aweza kufanya kazi hiyo kwa kichupa cha oili ya cherehani na kopo dogo la oili mpya ya injini.

NAMNA YA KUTIA

Mafuta mazuri juu ya mnyororo mchafu ni kazi bure. Fuateni hatua hizi:

1. Safisha kwanza. Chovya brashi ya meno iliyochakaa katika mafuta ya taa, sugua mnyororo na meno yote mawili, la mbele na la nyuma. Fanya kazi hii mbali na moto na sigara, wala usimwage mafuta machafu karibu na kisima.

2. Futa kwa tambara, uache mnyororo ukauke kabisa. Mafuta ya taa yakibaki ndani hupunguza nguvu ya oili mpya.

3. Tia tone moja juu ya kila rola, upande wa ndani wa mnyororo, ule ugusao meno. Ukitiwa hapo, mafuta husukumwa kwenda nje gurudumu likizunguka. Weka alama kwenye kiungo cha kwanza ili usirudie.

4. Zungusha pedeli kinyumenyume mara nyingi, kisha acha kwa muda. Ikiwezekana fanya kazi hii jioni ili mafuta yaingie usiku.

5. Futa nje kwa tambara kavu mpaka vibati vionekane vikavu. Hatua hii watu wengi huiruka, na ndiyo iliyo kubwa. Yaliyofutwa hayakupotea, maana hayakuwa na kazi huko nje.

Tahadhari moja: tone lisiguse ringi wala mipira ya breki. Mwenye kuteremka kilima cha Pemba na gunia nyuma yake, breki zikiteleza, hana wa kumlaumu tena.

MARA NGAPI?

Katika vumbi la Babati mtu hufuta mnyororo kila baada ya siku mbili tatu, na hutia oili nyepesi mara moja kwa juma au zaidi kama safari ni nyingi. Kwetu, kila baada ya kunyeshewa, futa maji, ngoja ukauke, tia tena. Baiskeli iliyopita pwani na kurushiwa maji ya chumvi ioshwe kwa maji baridi siku hiyo hiyo. Sikio nalo ni mwalimu: mnyororo unaolia unaomba mafuta, na mnyororo unaokwaruza kama mchanga unaomba kuoshwa kwanza.

KUPIMA MNYORORO

Chukua rula ya mwanafunzi yenye inchi 12. Umbali kutoka pini hadi pini katika mnyororo mpya ni nusu inchi, yaani milimita 12.7. Weka katikati ya pini moja kwenye alama ya sifuri, kisha hesabu mpaka pini ya 25. Mnyororo mpya pini hiyo hukaa sawasawa juu ya alama ya inchi 12. Ikiwa imepita kwa kiasi cha milimita 3, mnyororo umekwisha. Badilisha kabla ya kuharibu meno. Kipimo hiki kifanyike kabla ya kila msimu wa kuchuma, si siku wachumaji wamekwisha panda juu ya mikarafuu.

MASWALI YA KUJIPIMA

Kwa nini mafuta ya nje ya mnyororo hayana kazi kubwa? Kwa nini oili ya cherehani yafaa Babati wakati wa kiangazi kuliko Pemba wakati wa masika? Oili chafu ina madhara gani matatu? Mafuta ya alizeti hufanya nini yakikaa katika hewa?

Mwanachama mwenye kuyajibu haya amweleze na kijana wake, kwa kuwa mara nyingi kijana ndiye apakiaye gunia. Na kabla ya msimu kuanza, kila mmoja wetu aitoe baiskeli yake uani, apime mnyororo, aoshe, atie tone kwa tone.