SOMO LA SOKO: Hedi iliyochomelewa ina thamani gani?

Biashara ya silinda hedi za aluminiamu imekua sambamba na uingizaji wa magari yaliyotumika kutoka Japani. Hedi iliyopasuka, ikachomelewa na kusawazishwa uso kwa mashine, hung'aa kama isiyowahi kuguswa. Mnunuzi wa Kariakoo au wa Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, anayekagua kwa macho tu hawezi kuzitofautisha. Tofauti imo ndani.

Hedi nyingi hutengenezwa kwa aluminiamu iliyochanganywa na silikoni na magnesiamu kidogo. Nguvu yake hutokana na tanuri la kiwandani: hupashwa moto hadi nyuzi 540 hivi za Selsiasi kwa saa kadhaa, huzamishwa katika maji ya moto, kisha hupashwa tena kwa nyuzi 155 hivi kwa saa kadhaa nyingine. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayoikomaza.

Moto wa kuchomelea huharibu kazi hiyo. Sehemu iliyo kandokando ya ufa hulainika. Gari lililochemsha sana nalo huweza kulainisha hedi hata bila ufa. Hedi laini hubonyea chini ya boliti, gasketi hulegea, na maji huanza kuvuja upya.

Kazi nzuri ina utaratibu. Kwanza valvu hutolewa na mafuta yote kusafishwa. Ufa huchimbwa hadi mwisho wake. Hedi hupashwa joto la nyuzi 150 hadi 200, huchomelewa kwa gesi ya agoni, kisha huachwa ipoe polepole. Ili kurudisha nguvu, hupitishwa upya katika hatua zote za tanuri. Kupasha kwa nyuzi 155 peke yake hakutoshi. Waya wa kuchomelea nao lazima uwe wa aina inayokubali kukomazwa. Baada ya tanuri, hedi huweza kupinda na viti vya valvu kulegea, hivyo usawazishaji wa uso hufanywa mwisho.

Gharama ya hatua hizo ndiyo huwafanya baadhi ya mafundi kuziruka. Hasara humwangukia mfanyabiashara. Chukulia kwamba amenunua hedi 10 kwa Sh. 150,000 kila moja na kuziuza kwa Sh. 200,000. Faida ni Sh. 500,000. Hedi tatu zikirudishwa hazifai, naye akarejesha Sh. 600,000, faida yote imekwisha na ameingia hasara ya Sh. 100,000.

Kabla ya kulipa, mnunuzi adai vipimo vitatu: kipimo cha ugumu karibu na mshono na mbali nao, kipimo cha mgandamizo ndani ya maji ili kuona mapovu, na kipimo cha unyoofu wa uso. Muuzaji asiyekubali vipimo hivyo, bei yake ihesabiwe kuwa ya chuma chakavu.