CHINI YA BARAFU, MWENYE KAULI NI NANI?

Asiyekubali kushindwa si mshindani. Muhula uliopita, katika mdahalo wa chama chetu, nilidai kwamba baridi kali huua kila kitu, kwa hivyo ziwa lililofunikwa na barafu mwaka mzima haliwezi kuwa na uhai. Nilipigiwa makofi na upande wetu ukashinda. Kumbe niliwapotosha! Leo nalipa deni hilo.

Twendeni bara la Antaktika, katika Bonde la Taylor. Humo mna Ziwa Bonney, lenye kina cha mita 40 hivi. Juu yake kuna barafu ya mita 3 au 4 ambayo haiyeyuki yote hata wakati wa kiangazi. Kwa sababu ya mfuniko huo, upepo hauwezi kuyakoroga maji. Maji matamu hukaa juu, nayo yenye chumvi nyingi, kwa kuwa ni mazito, hukaa chini.

Nilijaribu jambo hili jikoni kwetu. Nilikoroga chumvi nyingi katika gilasi ya maji, nikaitia rangi kwa majani ya chai. Kisha nikamimina maji ya kawaida juu yake, polepole, kupitia mgongo wa kijiko. Mama aliuliza kama chumvi yaokotwa barabarani, lakini tabaka mbili alijionea mwenyewe.

Basi kila tabaka lina wenyewe. Juu kule Bonney, mwani mdogo usioonekana bila hadubini hunasa mwanga hafifu unaopenya barafu na kufanya usanisinuru. Oksijeni inayotoka hapo hukosa pa kwenda, ikajaa majini kupita kiasi cha kawaida. Hata hivyo mwani hauongezeki ovyo, kwani fosforasi ni haba. Yaani unabanwa na njaa pia, si baridi peke yake.

Katika bonde hilohilo liko Ziwa Fryxell. Ukishuka mita 10 hivi, oksijeni imekwisha. Chini yake mna haidrojeni salfaidi, ile gesi inayonuka kama mayai viza. Kwetu sisi ni sumu, lakini kuna bakteria wanaoitumia pamoja na mwanga kujitengenezea chakula. Sumu ya huyu ni uji wa yule!

Je, na pale ambapo mwanga na oksijeni havipo kabisa? Mwaka 2012 wanasayansi walitangaza kwamba wamepata bakteria hai katika Ziwa Vida, hukohuko Antaktika, ndani kabisa ya barafu. Maji yao yana nyuzi 13 chini ya sufuri na chumvi zaidi ya mara 5 ya ile ya bahari. Chumvi hiyo huwatesa kwa kuwavuta maji mwilini. Lakini bila hiyo maji yote yangeganda, nao wasingekuwa na pa kuishi. Inayowatesa ndiyo inayowalinda.

Wenzangu, baridi hutia mfuniko tu. Chumvi, oksijeni, fosforasi na salfaidi ndizo zinazogawa vyumba na kuamua nani akae wapi. Mimi nilikuwa nikisema kemia ni somo la kukariri. Maneno hayo pia nayafuta.

Mdahalo niliushinda kwa domo. Atakayenirudi kwa ushahidi, nitampigia makofi wa kwanza.