Sikio Langu Si Sheria

SOMO LA VIKUNDI VYA NYUMBANI

Maandiko ya kusoma: Ezra 3:10–13, 1 Samweli 18:6–9, Ezekieli 33:30–33, Wakolosai 3:16

Lengo la somo: Kutofautisha wimbo ninaoupenda na wimbo ulio mwema, ili nyimbo zisitugawanye.



Kwa muda sasa kumekuwa na mnong'ono hapa kwetu Kyumbi kuhusu nyimbo. Wazee wanasema kipindi cha sifa kimegeuka kelele, maneno hayasikiki, na ule utenzi mmoja uliobaki unaimbwa mbio mbio kama watu wanaoachwa na gari. Vijana nao wanasema tenzi zinawapa usingizi. Wapo wanaofika saa tano makusudi, sifa zikiwa zimeisha, wasikilize neno tu. Wapo wanaotoka nje kununua maji tenzi zikianza. Jambo hili si dogo. Mwili mmoja wa Kristo umeanza kukaa kanisani kwa zamu.

Ukijaribu kulizungumzia, unajibiwa haraka: "Pastor, achana nayo, kila mtu na anachopenda." Kipenda roho hula nyama mbichi. Sasa hebu tuulize: ni kweli kwamba wimbo mzuri ni ule tu unaonipendeza mimi? Na kama si kweli, tunapima vipi?

1. SIKIO HUFUNZWA

Hakuna aliyezaliwa akipenda tenzi, na hakuna aliyezaliwa akipenda sebene. Mtoto wa Ukambani aliyekua redio ikipiga gitaa za Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers, akisikia gitaa la benga anasikia nyumbani. Aliyekua kwenye kwaya ya sauti nne anasikia nyumbani pale besi inapoingia. Sikio hupenda kile lilichozoea.

Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na Josh McDermott wa chuo cha MIT, Marekani, walichapisha matokeo ya kazi yao kati ya Watsimane, watu wanaoishi msituni Bolivia, wasiousikia sana muziki wa Kizungu. Waliwasikilizisha sauti zilizopangwa vizuri kwa masikio ya Kizungu, na sauti ambazo kwa masikio hayo zinagongana na kukera. Watsimane waliona zote zinapendeza sawasawa. Kumbe hata lile tunalodhani kila binadamu analisikia vibaya, wengine hawalisikii hivyo.

Wazee wetu, mnisamehe kidogo hapa. Tunasema "nyimbo zetu za zamani". Lakini ule utenzi tunaoupenda sana, unaosema habari za Yesu aliye rafiki, maneno yake yaliandikwa na Joseph Scriven, mtu wa Ireland aliyehamia Kanada, mwaka 1855. Tuni yake ilitungwa na Mmarekani, Charles Converse, mwaka 1868. Siku ulipofika Ukambani ulikuwa wimbo mgeni kabisa. Babu zetu waliuzoea, wakalia nao, wakazika nao, ukawa wao. Mazoea ndiyo yaliyoufanya uwe wa nyumbani, na mazoea hayo hayo yanaweza kumpa kijana wimbo mwingine.

2. UMATI NAO UNA SIKIO

Vijana, na ninyi mnisamehe. Mnasema wimbo fulani ni mzuri kwa sababu una watazamaji milioni kadhaa. Nilisomea biashara, na jambo moja tulilofundishwa ni kwamba bidhaa inayouzwa sana si lazima iwe ndiyo bora. Mara nyingi watu hununua kwa sababu wameona wengine wakinunua.

Mwaka 2006 watafiti watatu, Salganik, Dodds na Watts, walitoa matokeo ya jaribio walilofanya kwenye intaneti. Watu zaidi ya 14,000 walipewa nyimbo 48 za bendi zisizojulikana, wasikilize na kuchukua walizozipenda. Wengine walichagua bila kujua wenzao wamechukua nini. Wengine waligawanywa katika makundi manane, na kila mtu akaona idadi ya waliochukua kila wimbo katika kundi lake. Nini kilitokea? Kila kundi lilipata washindi wake. Wimbo mmoja ulishika nafasi ya 1 katika kundi moja, na katika kundi lingine wimbo huo huo ukawa wa 40. Wimbo haukubadilika hata noti moja, ila umati ulikuwa mwingine.

Lakini msikimbie na nusu ya hadithi. Watafiti hao waliona pia kwamba nyimbo zilizopendwa sana na wale waliochagua peke yao hazikuanguka vibaya mara nyingi, na zile mbovu kabisa ni nadra zilipopanda. Kwa hiyo ubora upo. Ila katikati, pale nyimbo nyingi zilipo, umati huamua kuliko tunavyodhani. Usiseme "naupenda" kabla hujajiuliza kama ni wewe unayeupenda, au ni umati ulioupenda kwa niaba yako. Na mkumbuke, ngoma ikivuma sana hupasuka.

3. SAUTI HUBEBA KUMBUKUMBU

Fungueni Ezra 3. Msingi wa hekalu umewekwa. Makuhani wana tarumbeta, wana wa Asafu wana matoazi, watu wanamsifu Bwana. Wazee walioiona nyumba ile ya kwanza wanalia kwa sauti kuu. Wengine wanapiga kelele za furaha. Mkutano ni mmoja na sifa ni hizo hizo, lakini huku ni machozi na kule ni shangwe. Tofauti haikuwa katika tarumbeta. Ilikuwa katika yale ambayo kila mmoja alikuwa ameyaona maishani.

Hapa kwetu ni vile vile. Africa Inland Mission walipofika Ukambani mwaka 1895 na kuanza kazi Nzaui, kazi yao ilifuatwa na mafundisho makali juu ya ngoma na michezo ya kienyeji. Waumini wa kwanza waliambiwa waache. Leo kijana anacheka, "Ati ngoma ilikuwa dhambi?" Polepole. Walioacha kilumi walijua ngoma ile iliitia nini. Walikuwa wameona watu wakipagawa na pepo ngoma ikilia. Kwa masikio yao haikuwa mdundo tu. Na leo yupo ndugu aliyeokolewa akitoka kwenye pombe. Gitaa likipigwa namna fulani, moyo wake unarudi baa kabla miguu yake haijaamka. Ndugu huyo hana ushamba wala roho ya dini. Anapigana vita ambavyo wewe huvioni.

Hata hivyo, kumbukumbu inaweza kukombolewa. Tuni ya wimbo wetu wa taifa ilitoka kwa Wapokomo wa Mto Tana, na ilikuwa wimbo wa kubembeleza mtoto. Mwaka 1963 kamati ya watu watano, wakiwemo Graham Hyslop na Thomas Kalume, iliitengeneza na kuipa maneno ya sala. Tuni iliyokuwa ikilaza watoto leo inasimamisha nchi nzima. Kwa hiyo ngoma na gitaa vinaweza kutakaswa, na leo tunavitumia. Lakini vinahitaji muda, na vinahitaji upendo kwa yule ambaye kumbukumbu yake bado ni mbichi.

Oneni kitu kimoja zaidi katika Ezra. Waliolia hawakutolewa nje, na walioshangilia hawakunyamazishwa. Sauti zilichanganyika hata watu wasiweze kuzitenganisha, na zikasikika mbali.

4. SI KILA KITU NI LADHA

Basi, kama sikio hufunzwa, na umati hutuvuta, na kumbukumbu hutofautiana, je, tuseme nyimbo zote ni sawa? Hapana. Tukisema hivyo tumekosea upande wa pili. Yapo mambo katika wimbo ambayo hayategemei mimi napenda nini. Ninawapa vipimo vinne, na tuvitumie kwa mpangilio huu.

Kwanza, ukweli. Wakolosai 3:16 inaweka neno la Kristo mbele, na nyimbo zinakuja kama njia ya kufundishana na kuonyana. Wimbo ni mahubiri yenye tuni, na watu husahau mahubiri yangu Jumatatu lakini wimbo hawausahau. Andika maneno yake kwenye karatasi bila muziki, usome. Je, ni kweli kulingana na Biblia? Wimbo unaotaja Yesu mara moja, halafu sehemu yote iliyobaki ni maadui wangu wanione nikiwa kwenye gari kubwa, huo umeanguka hapa hata kama tuni yake ni tamu kama asali.

Pili, kueleweka na kuimbika. Paulo katika 1 Wakorintho 14 anauliza mtu ataitikaje Amina kwa jambo ambalo hakulielewa. Susu aliye kiti cha nyuma anajua Kikamba, Kiswahili kidogo, Kiingereza hana. Tukiimba nyimbo tano za Kiingereza mfululizo, tumemfanya mtazamaji katika nyumba ya Baba yake. Vile vile wimbo ulioinuliwa juu mno hadi anayebaki akiuimba ni mwenye maiki peke yake, huo ni onyesho.

Tatu, ustadi. Katika 1 Nyakati 15:22 Kenania aliwekwa kuongoza uimbaji kwa sababu alikuwa hodari. Hakuwekwa kwa sababu ni mpwa wa mzee wa kanisa. Mtu anaweza kubishana nawe kama wimbo wa polepole ni mzuri kuliko wa haraka, hiyo ni ladha. Lakini ukilenga sauti fulani ukaikosa, umeikosa kwa kipimo chako mwenyewe. Gitaa lisilotiwa sawa, spika inayoumiza masikio ya watoto, timu isiyofanya mazoezi Jumamosi, hayo tusiyafunike kwa kusema "kila mtu na anachopenda", wala kwa kusema "ni Roho anaongoza".

Nne, matunda. Ezekieli 33 inatisha. Watu walikuja, wakakaa mbele ya nabii, wakamsikiliza kama msikilizavyo mwimbaji mwenye sauti nzuri na anayejua kupiga ala. Walifurahia, lakini hawakufanya alilosema. Na katika Amosi 5:23 Mungu anakataa kusikiliza nyimbo za watu wake, na sababu haikuwa tuni mbaya. Haki ilikuwa imekosekana. Wimbo ukikuliza Jumapili, na Jumatatu unampunja mteja wa nyanya pale barabarani, basi ulichopata ni burudani.

Baada ya hapo ndipo ulizeni la tano: je, naupenda? Swali hili halikatazwi, Mungu ndiye aliyetupa masikio ya kufurahia. Ila likae nafasi ya tano. Shida yetu ni kwamba tumeliweka la kwanza, na mara nyingi ndilo la pekee. Katika biashara husemwa mteja ni mfalme. Kanisani Mfalme yuko tayari, na sisi waimbaji na waitikiaji sote tuko upande mmoja, tukimtolea yeye.

5. HUKUMU HUMFUNUA ANAYEHUKUMU

Katika 1 Samweli 18 wanawake waliimba jeshi liliporudi kutoka vitani. Taifa zima lilisikia ushindi. Sauli alisikia hesabu tu, kwamba Daudi amepewa makumi elfu na yeye maelfu. Tangu siku ile akamwangalia Daudi kwa jicho baya. Wimbo ulikuwa wa shangwe, lakini ulipita katika moyo wenye wivu ukatoka ukiwa sumu. Naye Mikali, katika 2 Samweli 6, alichungulia dirishani akamwona Daudi akicheza mbele za Bwana, akamdharau moyoni. Alikuwa dirishani, hakuwa kwenye msafara. Ni rahisi sana kuhukumu sifa ukiwa dirishani.

Wapendwa, ukisema "wimbo huu sikuuzoea", umesema ukweli. Ukisema "maneno haya si sahihi", lete andiko tukae tuliangalie. Lakini ukisema "hawa hawana Roho" kwa sababu ya mdundo, au "hawa wamepitwa na wakati" kwa sababu ya utenzi, hapo umeacha kupima wimbo na umeanza kumhukumu ndugu. Kristo alimfia ndugu huyo akiwa na masikio yake hayo hayo.

Kwa hiyo wiki hii tufanye jambo moja. Kila kijana ajifunze utenzi mmoja kutoka kwa mzee, na amuulize ulimpitisha wapi maishani. Kila mzee ajifunze wimbo mmoja kutoka kwa kijana, na amuulize hivyo hivyo. Jumapili tufike wote kabla ya sifa kuanza, na tukae ndani hadi mwisho.

MASWALI YA KUJADILI

1. Taja wimbo unaoupenda sana. Ulianza kuupenda lini, na ulikuwa na nani?
2. Chukueni wimbo mmoja tulioimba Jumapili. Usomeni bila tuni. Unapita vipimo vinne?
3. Ni nani katika kanisa letu ambaye hawezi kuimba nasi kwa sababu ya lugha, kasi au kelele? Tufanye nini kwa ajili yake?
4. Kuna wimbo unaokurudisha mahali ambapo Bwana alikutoa? Kikundi kimwombee aliye na mzigo huo, bila kumlazimisha kueleza.

TUOMBE

Baba, takasa masikio yetu na mioyo inayoyatumia. Tupe kupenda kweli kuliko tuni, na kumpenda ndugu kuliko mazoea yetu. Kilio cha wazee na shangwe za vijana vichanganyike mbele zako, visikike hadi ng'ambo ya barabara ya Mombasa. Katika jina la Yesu. Amina.