Somo: Hesabu za Sweta kwa Kutumia Simu



Mwezi Juni na Julai baridi huwa kali Marangu, Machame na Kibosho, na mtoto anayetoka nyumbani alfajiri huhitaji sweta linalomtosha. Kikundi cha akina mama kikipata oda ya shule, hiyo ni baraka. Lakini masweta 40 yakirudishwa kwa sababu yanapwaya, mtaji wa kikundi umepotea. Mara nyingi kosa haliko mikononi, liko kwenye hesabu. Hapa simu ya mkononi, hata ile ndogo isiyo na intaneti, inaweza kusaidia.

1. Fuma kipande cha mfano
Tumia uzi na sindano zilezile za kazi. Kioshe, kikaushe, kisha hesabu vitanzi na mistari ndani ya sentimita 10. Tuseme umepata vitanzi 22 na mistari 28.

2. Vitanzi vya kuanzia
Kifua cha mtoto ni sm 70. Ongeza 6 za nafasi, jumla 76. Upande wa mbele ni nusu, yaani sm 38. Bonyeza kwenye kikokotoo cha simu: 38 × 22 ÷ 10 = 83.6. Ukingo wa chini wa viwili-viwili hutaka idadi ambayo ukigawa kwa 4 inabaki 2. Basi anza na 86. Simu hutoa jibu, lakini uamuzi ni wa mfumaji.

Mwenzako anayelegeza uzi na kupata vitanzi 20 kwa sm 10, akianza na 86 atapata sm 43 kila upande. Sweta lake litakuwa na sm 86 badala ya 76. Ndiyo maana kila mfumaji afume kipande chake mwenyewe.

3. Mikono
Ukianza na vitanzi 44 na kufika 68, nyongeza ni 24. Unaongeza 2 kwa mara moja, hivyo ni mara 12. Urefu wa sm 36 ni karibu mistari 100. Gawa kwa 12: ongeza kila mstari wa 8, na mistari 4 ya mwisho fuma bila kuongeza.

4. Uzi
Pima sweta la kwanza kwenye mizani. Likiwa gramu 250, masweta 40 ya saizi hiyo ni kilo 10. Weka asilimia 5 ya tahadhari: kilo 10.5. Nunua uzi wote siku moja, maana rangi huweza kutofautiana mzigo kwa mzigo.

Usharika wenye kompyuta unaweza kuandika vipimo hivi kwenye jedwali la Excel. Ukibadilisha kifua, vitanzi vya saizi nyingine hujihesabu vyenyewe.

Mjenzi wa mnara katika Luka 14:28 anatufundisha kuketi na kuhesabu kwanza. Mfumaji naye afanye hivyo kabla ya kununua uzi.

Maswali ya kujadili
- Je, kikundi chetu kina mizani, futi ya kupimia na daftari la vipimo?
- Nani atawafundisha wenzake hesabu hizi kabla ya shule kufunguliwa Januari?