Kijana mzito wa kujifunza afunzwe kujitegemea

Mzazi, huenda kijana wako ana miaka 20, husoma kwa shida na hesabu ya pesa humchanganya. Usimfungie nyumbani. Nchini Marekani, Chuo Kikuu cha Lesley, Massachusetts, kilianzisha mpango uitwao Threshold mwaka wa 1982 kwa vijana kama hao. Waliishi bwenini miaka miwili, wakajifunza kazi, kupika na kupanga matumizi. Shahada haikuwa shabaha.

Hapa kwetu anza na nauli. Panda matatu naye siku kadhaa, kisha mfuate kwa mbali, ndipo umwache aende peke yake. Kama anatumia dawa, hasa za kifafa, azijue kwa jina na saa. Na mfikapo kwa daktari, mwache ajibu mwenyewe. Wengi humjibia hata anapoulizwa jina lake.